Sura ya Tatu: Arobaini ya Maji

Mpwa wangu alikuwa na umri wa miaka saba aliponiuliza swali ambalo sura hii yote ni jawabu lake. Tulikuwa tumesimama barazani kwa mama yake, mjini Tanga, asubuhi ya siku ya sita tangu nimletee samaki wawili wa dhahabu kutoka Dar es Salaam, mmoja wa rangi ya papai lililoiva na mwingine mweupe mwenye doa la zafarani utosini. Yule mweupe alikufa siku ya nne. Yule mwingine alikuwa ameelea kiubavu juu ya maji meupe pe, yasiyo na harufu, yanayong'ara ndani ya bilauri kubwa ya kioo kana kwamba yametekwa kwa ajili ya kunawishia mikono ya wageni wa heshima. Mtoto hakulia. Aliyatazama maji yale kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mjomba, maji masafi, na chakula wamekula. Sasa wamekufa kwa nini?"

Alikuwa na haki ya kuniuliza mimi, maana bilauri niliinunua mimi kwa kupendezwa na umbo lake la mviringo. Mchanga na kauri za kupambia chini yake niliviweka mimi. Na kila asubuhi, kwa bidii ya mtu anayedhani kuwa usafi ndio siha, niliyamwaga maji yote, nikaisugua bilauri kwa sabuni hata ikalia chini ya kidole, nikaijaza tena maji ya bomba, kama alivyoniagiza aliyeniuzia. Mtoto naye aliwalisha kutwa mara tatu, kwa sababu kila alipokaribia walimjia wakifungua na kufumba vinywa, na nani katika nyumba ya Mswahili awezaye kumwona mgeni katika hali hiyo asimkaribishe chakula? Hapakuwa na tendo lililotokana na uzembe. Kila tulichowatendea tuliwatendea kwa mapenzi, na kila kimoja kilikuwa na sehemu yake katika mauti yao. Na jambo hilo lilinitia jitimai kuliko mauti yenyewe, likanipeleka vitabuni na kwa watu waliofuga samaki hawa miaka mingi, mpaka nikafahamu kwamba siku zile sita nilikuwa nikiwatazama samaki na kuyasahau maji.

Samaki wa dhahabu ni wa ukoo mmoja na ningu wa Ziwa Viktoria, na kama walivyo samaki wengi wa maji matamu, taka nzito ya mwili wake haitoki mahali tunapodhania. Chakula kikishavunjwa mwilini huacha amonia, kitu kilekile ambacho pua zetu hukitambua katika banda la kuku lisilosafishwa, na amonia hiyo kwa sehemu yake kubwa hutoka kwa njia ya matamvua, palepale anapovutia pumzi. Mtoni hilo si neno, kwa kuwa maji hupita na kuichukua, na ziwani maji ni mengi mno hata taka ya samaki mmoja isihesabike. Lakini katika bilauri ya lita nane samaki hana budi kuivuta tena ile aliyokwisha kuitoa, na kuivuta tena, kila saa ikiwa kali kuliko saa iliyotangulia, hata matamvua yakawasha na kuwiva, akapanda juu ya maji kutweta, akayakunja mapezi yake kama mtu aliyejikunyata kwa homa. Nasi tukiyatazama maji hayo hatuoni kitu, maana kiasi cha amonia kinachomdhuru samaki hakionekani kwa jicho wala hakinusiki. Mimi niliwatia mashakani kwa zamu mbili: usiku waliogelea katika amonia yao wenyewe, na asubuhi, nilipoyamwaga maji hayo na kuwatilia mapya, niliwapokeza klorini ya bomba, ambayo huunguza matamvua yaleyale yaliyokwisha kuungua.

Iko sababu nyingine inayotuhusu hasa sisi wa pwani. Amonia ikiwa majini huwa na hali mbili, moja pole na moja kali, na linaloamua ni hali ipi itakayozidi ni joto la maji pamoja na tabia yake, kama yameelemea upande wa ndimu au upande wa magadi. Maji ya vuguvugu yaliyoelemea upande wa magadi huizidisha ile hali kali, na si kidogo: kutoka pH 7 hadi pH 8 sehemu ya sumu huongezeka karibu mara kumi, ilhali jumla ya amonia ni ileile. Visima vingi vya kwetu vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa. Samaki wa dhahabu hayachukii maji ya namna hiyo, bali huyapenda kuliko maji mororo kupita kiasi; lakini katika hodhi jipya maji hayo hayana msamaha, na mwenye kuongeza makombe, kauri na vipande vya matumbawe kwa ajili ya pambo huzidi kuyavuta upande huohuo. Zile kauri tatu nilizoziweka kwa kupendeza macho sikuzirudisha tena.

Kinachoyafanya maji ya bwawa la asili yakae salama mwaka hadi mwaka pasipo mtu kuyabadilisha ni jeshi la viumbe wadogo wasioonekana ila kwa hadubini. Jamii moja ya bakteria huila amonia na kuacha nitriti. Nitriti nayo ni sumu, maana huingia katika damu ya samaki na kuigeuza rangi ya hudhurungi, damu isiyoweza tena kuchukua oksijeni, hata samaki akatweta katikati ya maji yaliyojaa hewa. Lakini ipo jamii ya pili inayoila nitriti na kuacha nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa na mimea huipokea kama mbolea. Viumbe hawa hawaelei ovyo majini. Hushikamana na vitu: juu ya changarawe, juu ya kioo, juu ya majani ya mimea, na zaidi ya kote ndani ya matundu ya sponji ya chujio, ambamo maji yenye hewa huwapitia usiku na mchana. Tena huzaana polepole. Bakteria wa maziwa ya mtindi huongezeka katika muda wa dakika, lakini hawa huweza kuhitaji siku nzima ili kuwa mara mbili ya walivyokuwa. Kwa hiyo hodhi lililonunuliwa leo, likaoshwa leo, likajazwa leo, ni nyumba isiyo na hata mtumishi mmoja. Na bilauri inayosuguliwa kwa sabuni kila asubuhi haitapata mtumishi milele.

Napenda kusimama hapa kidogo, kwa kuwa habari ya kugunduliwa kwa jambo hili imo katika ukoo mmoja, baba na mwana, na kila nikiikumbuka hunigusa moyo. Karibu na mwaka 1850, katika jiji la London, mkemia wa Society of Apothecaries aliyeitwa Robert Warington aliweka samaki wawili wadogo wa dhahabu katika chombo cha kioo cha lita hamsini na kitu, pamoja na mchanga, mawe na mmea wa majini uitwao Vallisneria, akitaka kujua kama mmea ungeweza kuwapa samaki pumzi na samaki wakaupa mmea riziki, pasipo mkono wa mtu kubadilisha maji. Mwanzoni majani yaliyokufa yalioza na kuyachafua maji, akaongeza konokono wa kidimbwini, wakaula uozo ule, chombo kikatulia. Na kutoka katika chombo kile pamoja na majaribio mengine ya miaka hiyohiyo ndimo ulimoenea mtindo wa kufuga samaki nyuma ya kioo sebuleni. Alichokiona yeye ni samaki, mmea na konokono. Kundi la nne, lililokuwa limetanda juu ya mchanga na mawe likifanya kazi kubwa kuliko konokono, hakuliona, wala wakati ule hapakuwa na mtu aliyejua kuwa lipo. Mwanawe, aliyeitwa Robert Warington vilevile, akawa mkemia wa kilimo katika kituo cha Rothamsted, na huko, baba yake akiwa amekwisha kufariki, akabainisha kwa kuuchunguza udongo wa mashamba kuwa amonia hugeuka nitrati kwa hatua mbili, na kila hatua ina viumbe wake. Kuwatenga viumbe hao peke yao hakukuwa jaala yake. Kulifanywa na Mrusi, Sergei Winogradsky, mnamo 1890. Lakini kile kilichokuwa kimebakia gizani katika kioo cha baba, mwana alikikuta shambani, chini ya ngano.

Sasa, maadamu watumishi hawa hawaji kwa siku moja, mwenye hodhi jipya hana hila ila kuwangoja. Na muda unaohitajika, kama wafugaji wengi watakavyokueleza, ni kati ya juma la nne na la sita. Mimi niliposikia hesabu hiyo nilicheka kwa furaha, kwa kuwa kwetu muda huo tunao jina lake. Mzazi akijifungua hukaa ndani siku arobaini, akandwe, apewe uji wa pilipili manga, asibebeshwe mzigo, mpaka mwili wake urudi. Na mtu akifiwa, siku arobaini ndizo zinazomtoa katika ukali wa msiba. Nikamwambia mpwa wangu kwamba maji nayo yana arobaini yao, na kwamba safari hii tutaanza na maji, samaki watafuata. Watoto huelewa mambo ya namna hiyo upesi kuliko watu wazima. Hakuniuliza tena samaki watakuja lini. Aliuliza leo ni siku ya ngapi.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Hodhi huoshwa kwa maji matupu bila sabuni, changarawe husuuzwa mpaka maji yake yawe meupe, chujio la sponji na pampu ya hewa huwashwa, na visizimwe tena usiku wala mchana. Kisha maji yale hulishwa amonia kana kwamba samaki wamo. Walio na amonia ya dukani isiyotiwa manukato wala sabuni huitumia hiyo kwa matone. Sisi tulitumia kamba. Kamba mmoja mbichi wa sokoni, aliyefungwa katika kipande cha kitambaa cha kuchujia tui na kuning'inizwa majini, huoza na kutoa amonia kwa siku kadhaa, na vipimo vikionyesha kuwa imefika miligramu mbili au tatu katika lita moja hutolewa, na baada ya hapo hutosha kutia punje chache za chakula cha samaki kila siku. Nyumba hunuka kidogo, sikufichi. Dada yangu alivumilia siku tatu kwa heshima ya mwanawe, siku ya nne akafungua madirisha yote.

Vipimo hivyo ni vichupa vya matone vinavyouzwa kwa ajili ya kazi hii, na kwa maoni yangu ni afadhali mtu akose taa, mawe ya rangi na mapambo yote mengine kuliko kuvikosa. Kipimo cha amonia hubakia manjano ikiwa haipo na hugeuka kijani kadiri inavyozidi. Cha nitriti huwa samawati hafifu na hugeuka zambarau. Katika juma la kwanza kijani huzidi kukolea. Katika juma la pili au la tatu huanza kufifia, na mtu asiyejua hudhani kazi imekwisha, kumbe wakati huohuo zambarau inapanda, maana jamii ya kwanza imefika na ya pili bado haijaitika. Kipindi hiki cha zambarau ndicho kirefu, ndicho cha kuchosha, na ndicho wanachokufia samaki wengi ambao wenyewe waliokoka siku za amonia. Mwisho hata zambarau hutoweka, nayo hutoweka ghafla, aghalabu kwa usiku mmoja au miwili. Ukitia amonia ya miligramu mbili katika lita jioni, na jioni ya pili ukapima ukakuta amonia haipo na nitriti haipo, basi nyumba ina watumishi wa kutosha. Badilisha sehemu kubwa ya maji ili kuipunguza nitrati iliyojikusanya, ndipo uende kuwatafuta samaki.

Uko ufupisho mmoja wa halali. Mwenye kutaka kugandisha maziwa hukopa kijiko cha mtindi wa jana kwa jirani, na mwenye hodhi jipya vilevile aweza kukopa kipande cha sponji au konzi ya changarawe kutoka katika hodhi la miaka mingi lililo na samaki wazima, akakileta kikiwa kimelowa, kisikae juani wala kisikauke, akakitia ndani ya chujio lake. Arobaini hukatika ikawa nusu au pungufu ya nusu. Kwa bahati joto letu la pwani nalo ni rafiki wa bakteria hawa, hivyo hata asiye na jirani wa kumkopa asistaajabu akimaliza kabla ya siku kutimia. Lakini chukua kwa mtu unayemwamini, kwa maana sponji hiyohiyo huweza kukuletea maradhi ya nyumba ilikotoka.

Na aliyekwisha kuwaleta samaki, akasoma sura hii wakiwa wamo ndani na hodhi ni la juzi? Huyo asikate tamaa. Apime kila siku. Kila aonapo kijani au zambarau abadilishe robo mpaka nusu ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto sawa. Awalishe kidogo sana, siku moja baada ya nyingine. Na zambarau ikitokea atie chumvi ya kawaida, gramu moja kwa kila lita, kwa kuwa chumvi huizuia nitriti kupenya katika matamvua. Ni kazi ya uuguzi, na mgonjwa aliyeuguzwa hivyo hupona.

Kuhusu klorini maneno ni machache. Maji ya bomba yakitekwa katika ndoo iliyo wazi na kuachwa siku nzima, klorini ya kawaida hupeperuka. Lakini ziko namna za klorini zilizochanganywa na amonia ambazo haziondoki kwa kungojewa, kwa hiyo dawa ya kuondoa klorini, inayouzwa kwa vichupa na ya bei nafuu, ni hadhari njema kwa kila ndoo. Maji ya kisima hayana klorini, ila yaonje: yakiwa na chumvi inayosikika ulimini, tafuta mengine.

Juu ya ukubwa wa hodhi sitaona haya kurefusha, kwa sababu hapa ndipo wafanyabiashara na wanunuzi wanapodanganyana kwa ridhaa. Samaki wa dhahabu si samaki mdogo. Yule mwembamba wa mkia mmoja, akilelewa vizuri, hufikia urefu wa sentimita thelathini, yaani rula nzima ya mwanafunzi, na huyo mahali pake ni bwawa la bustani. Wale wa mviringo wenye mikia miwili hubakia wafupi kiasi, nao wanafaa nyumbani, ikiwa wa kwanza atapewa lita 75 na kila anayemfuata kama lita 40. Kwa jozi moja hiyo ni zaidi ya lita 110, ambazo ni kilo zaidi ya 110 kabla hujahesabu kioo na mawe, na meza ya kuwekea redio haitazibeba. Hodhi liwe pana kuliko lilivyo refu kwenda juu, maana hewa huingilia usoni mwa maji, na uso mpana ndio mlango mpana. Bilauri ya mviringo iliyobanwa shingo ina ubaya wote kwa pamoja: maji machache, mlango mwembamba, na hakuna pa kuweka chujio. Wachina, ambao ndio waliowatoa samaki hawa katika samaki wa kijivu na kuwalea katika mabirika ya bustani tangu enzi ya Song, kisha enzi ya Ming wakawaingiza majumbani katika mitungi mipana ya kauri, waliwatazama kutoka juu, katika vyombo vyenye midomo iliyo wazi. Mji wa Roma, kwa sheria ya mwaka 2005, ulikataza kabisa samaki wa dhahabu kuwekwa katika bilauri za mviringo, na mimi baada ya yaliyonipata nisingeipinga sheria kama hiyo popote.

Kwani umri wa samaki huyu si wa siku sita. Uingereza alikuwako mmoja aliyeitwa Tish, aliyepatikana kama zawadi ya mchezo kwenye maonyesho mwaka 1956, akafa mwaka 1999, naye akiwa na miaka arobaini na mitatu. Mtoto aliyekabidhiwa samaki wa dhahabu leo aweza, ikiwa maji yatatunzwa, kumwonyesha wanawe.

Joto lina hesabu yake peke yake. Samaki huyu asili yake ni maji ya baridi kiasi, na nyuzi 18 hadi 24 zinampendeza. Nyumba zetu za pwani wakati wa kaskazi huyapasha maji hadi nyuzi 30, naye hustahimili, lakini maji kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyoshika hewa chache. Maji ya nyuzi 20 huchukua kama miligramu 9 za oksijeni katika lita, ya nyuzi 30 hayafiki 8, na wakati huohuo mwili wa samaki uliochangamka kwa joto hudai zaidi. Hivyo pampu ya hewa kwetu ni faradhi. Hodhi likae mbali na dirisha lipigwalo na jua, feni ielekezwe usoni mwa maji siku za fukuto, na samaki wawe wachache kuliko kitabu cha nchi ya baridi kinavyoruhusu. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, usiwalishe, na kila baada ya muda teka maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Na chujio lililofungika, ambalo maji yamelala ndani yake tangu jioni, lisuuze kwanza kabla ya kuliwasha, kwa kuwa watumishi wake wamekosa hewa na maji hayo yamevunda.

Chakula kiwe kile kinachomalizika kwa dakika mbili, mara moja au mbili kutwa. Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuwekea akiba kama letu. Chakula hupita moja kwa moja katika utumbo mrefu, na ndiyo sababu huonekana ana njaa daima. Njegere iliyochemshwa na kumenywa humfaa, na mchicha kidogo pia. Kila juma toa robo ya maji na urudishe mengine, na sponji ya chujio ikiziba ikamue ndani ya maji hayohayo uliyoyatoa, usiipeleke bombani kamwe, maana klorini itawaua kwa dakika chache wale uliowangojea siku arobaini. Madoa meupe kama punje za chumvi juu ya mapezi ni maradhi ya vidudu, nayo yana dawa yake. Lakini mapezi yaliyokunjamana, kutweta na uvivu, kabla hujanunua dawa yoyote, pima maji. Samaki mpya akae pweke katika chombo kingine majuma mawili hadi manne, karantini ya haki, kabla hajakutanishwa na wenyeji. Na anayechoka kuwafuga asiwatupe mtoni: wataishi, watakua, nao watawapokonya wenyeji wa mto malisho yao. Atafute mwenye bwawa.

Mpwa wangu alikuwa na daftari. Kila jioni alipanda kwenye kigoda, akakitikisa kichupa cha kipimo kama nilivyomwonyesha, akakilinganisha na kadi ya rangi, akaandika tarehe na hesabu kwa mwandiko wake mkubwa: amonia, nitriti, amonia, nitriti, kurasa tano za hodhi lisilo na kitu ila maji, changarawe na mapovu ya pampu. Majirani walikuja kulitazama, wakauliza samaki wako wapi, naye aliwajibu kwa taadhima kamili kuwa maji hayajatoka arobaini. Siku ya thelathini na tatu aliandika sifuri mbili. Tukarudia usiku uliofuata, zikawa sifuri mbili tena.

Tuliwaleta wawili wadogo Jumamosi jioni, kukishaingia ubaridi. Tuliuweka mfuko wao juu ya maji ukaelea dakika ishirini, tukawa tunaongeza humo kikombe kimoja kimoja cha maji ya hodhi, kisha tukawahamisha kwa kijiwavu na maji ya mfukoni tukayamwaga nje, tusiyachanganye. Taa tulizima. Chakula hatukuwapa mpaka kesho yake, na mtoto hakuomba kuwapa. Tulikaa gizani sote watatu, dada yangu, yeye na mimi, tukisikiliza pampu, na kwa mwanga uliotoka ukumbini tuliona mmoja wao ameshuka hadi chini, ameokota changarawe moja kwa kinywa, ameigeuzageuza, kisha ameitema. Mtoto akachukua daftari lake, akaandika tarehe, akaandika sifuri, akaandika sifuri, na chini yake akaandika: wamefika.